Polisi na raia wajifunze kusemezana barabarani

Mwananchi wa kawaida huenda akaishi hadi uzeeni bila kukanyaga Bunge wala kumwona jaji wa Mahakama ya Juu. Ni nadra, hata hivyo, kumpata Mkenya mtu mzima ambaye hajawahi kusimamishwa na polisi. Husimamishwa akiwa ndani ya matatu, akiwa juu ya pikipiki, au akiwa anajiendea zake kwa miguu jioni baada ya kazi. Kwa walio wengi, hapo kando ya barabara ndipo wanapokutana na dola ana kwa ana, na ndipo wanapojua kama sheria zilizoandikwa vitabuni zina uhai au la.

Suala hili limejadiliwa mara nyingi na mawakili na watetezi wa haki za binadamu. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kufundisha isimu, taaluma inayochunguza lugha na matumizi yake katika jamii. Hata hivyo, naamini mwanaisimu ana neno la kusema hapa. Kabla ya kuwa jambo la pingu na bunduki, kusimamishwa barabarani ni mazungumzo. Mtu humwamuru mwenzake asimame, na mwenzake humjibu kwa maneno, kwa kimya au kwa miguu yake. Mengi yanayofuata hutegemea jinsi walivyosemezana katika dakika mbili tatu za kwanza. Hoja yangu ni kwamba mazungumzo hayo yana kanuni, kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizo imekwisha kuandikwa katika sheria zetu, na kwamba hatujawafunza polisi wala raia jinsi ya kuzitumia.

Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake mashuhuri ilichapishwa mwaka wa 1962 baada ya kifo chake, alieleza kwamba yapo maneno ambayo huzidi kueleza jambo, yakalitenda. Kasisi anapowatangaza bwana na bibi arusi kuwa mume na mke, hali yao hubadilika kwa tamko hilo. Vivyo hivyo, afisa anapotamka, "Nimekukamata," hali ya mtu kisheria hugeuka papo hapo. Lakini Austin alitukumbusha pia kwamba tamko la aina hiyo lina masharti yake. Msemaji sharti awe na mamlaka, na utaratibu unaokubalika ufuatwe. Mpita njia akiwatangaza watu wawili kuwa mume na mke, hakuna ndoa. Afisa anayemkamata mtu bila kumwambia sababu anaweza kufaulu kumfunga pingu, lakini sharti la sheria atakuwa hajalitimiza.

Ili tuelewe ni kwa nini mazungumzo haya hutushinda, yafaa tutazame tulikotoka. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka wa 1915, ikaanza kuitekeleza kwa ukali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kubeba kipande, yaani karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na kumbukumbu za kazi na mshahara wake. Wengi walikitia ndani ya kijikebe cha chuma walichokivaa shingoni. Aliyesimamishwa bila kipande alikuwa mhalifu kwa kukikosa tu. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku kuuchochea umma hadi akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Mfumo huo wa kuwabagua Waafrika ulibadilishwa mwaka wa 1947, lakini neno lenyewe halikufa. Hadi leo wapo wazee wanaokiita kitambulisho kipande.

Nyanda za Uasin Gishu zilikuwa kitovu cha makazi ya walowezi, na hapa palitumika lahaja iliyokuja kuitwa Kisetla. Hicho kilikuwa Kiswahili cha bwana shamba na kibarua wake. Kilikuwa na msamiati haba na sarufi iliyovunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya sentensi zake zilikuwa amri. Lete! Kuja! Fanya! Hakikuwa na haja ya "naomba" wala "tafadhali", kwa kuwa bwana shamba hakuwa akimwomba kibarua chochote. Kila ninaposikia "Wewe, kuja hapa!" ikitamkwa kando ya barabara zetu, hunijia kwamba ukoloni uliondoka, lakini sarufi yake tukabaki nayo.

Uhuru nao haukutuondolea mashaka. Sheria ya uzururaji, iliyomwezesha afisa kumkamata mtu kwa kuonekana tu hana kazi wala makao yanayojulikana, iliendelea kutumika hadi ilipofutwa mwaka wa 1997, wakati wa mageuzi yaliyotokana na mazungumzo ya vyama vya kisiasa. Walimu wa umri wangu watakumbuka misako ya miaka hiyo, ambapo malori ya polisi yaliwazoa watu mitaani na maelezo yakatafutwa baadaye. Kizazi kizima kilijifunza kwamba ukiona sare ni heri ukimbie, hata kama huna hatia. Vijana wetu wamerithi mazoea hayo bila kuijua asili yake.

Hapa Eldoret suala hili lina uzito wa pekee. Mji huu, uliotunukiwa hadhi ya jiji Agosti 2024, una historia ya lugha hata katika jina lake la zamani la Sisibo, ambalo ni matamshi ya wenyeji ya namba ya Kiingereza iliyotambulisha shamba la 64, mahali ambapo posta ilifunguliwa mwaka wa 1910. Ukitoka Langas ukapitia katikati ya mji hadi Huruma au Kimumu, utasikia Kinandi, Kikeiyo, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kikisii, Kiturkana na Kisomali, bila kusahau Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Utajiri huo wa lugha uliwahi kugeuzwa kuwa silaha. Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua ghasia, vijana waliweka vizuizi katika barabara za kuingia na kutoka mjini, wakawalazimisha wasafiri kuonyesha vitambulisho ili majina yao yafichue makabila yao. Kote nchini, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ghasia hizo ziliwaua watu 1,133. Mtu aliyeshuhudia vizuizi hivyo hawezi kusikia maswali "Jina lako nani?" na "Kwenu wapi?" kwa utulivu wa mtu wa mahali pengine. Afisa wa polisi anayeuliza maswali hayo Eldoret bila kueleza anayaulizia nini hugusa kidonda ambacho huenda yeye mwenyewe hakijui.

Mageuzi yaliyofuata ghasia hizo ndiyo yaliyotupa sheria tulizo nazo. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliachana na jina la Jeshi la Polisi, ikaunda Huduma ya Taifa ya Polisi. Kifungu cha 49 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa ana haki ya kuarifiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Hawezi kulazimishwa kukiri. Sharti afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya siku au muda wa kawaida wa mahakama.

Naomba msomaji ayatazame kwa makini maneno "kwa lugha anayoielewa". Watunzi wa Katiba wangeweza kusema "kwa lugha rasmi" wakaishia hapo, maana Kifungu cha 7 kinatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hawakufanya hivyo. Walijua kwamba wapo Wakenya ambao lugha rasmi hazijawafikia, na kwamba mtu asiyeelewa analoambiwa ni sawa na mtu ambaye hakuambiwa kitu.

Nilishuhudia uzito wa maneno hayo nikiwa ndani ya matatu kutoka Kesses kwenda mjini. Tulisimamishwa kwenye kizuizi, abiria tukaamriwa tushuke, na afisa akamwuliza bibi mmoja mkongwe, kwa Kiswahili cha haraka, mfuko wake ulikuwa na nini. Bibi alinyamaza. Afisa akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Bibi akaukumbatia mfuko wake, na afisa akaanza kuukazia macho kama mtu aliyeona dalili ya hatia. Hapo msichana mwenye sare ya shule akamwambia afisa kwa upole, "Afande, nyanya hasikii Kiswahili. Naomba nimtafsirie." Aliyasema maneno machache kwa Kinandi, bibi akatabasamu, akaufungua mfuko. Ulikuwa na mtindi na nguo za mtoto. Afisa naye alicheka, akamtakia safari njema. Mambo yaliishia pazuri kwa sababu alikuwapo mtoto mmoja aliyejua lugha mbili na aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Haifai haki ya raia itegemee bahati ya namna hiyo.

Tuwafikirie pia ndugu zetu viziwi. Kwao amri ya "Simama!" inayotolewa nyuma ya mgongo haipo kabisa. Mtu asiyesikia amri huonekana kama mtu anayeikaidi, na ukaidi ukidhaniwa, nguvu hufuata. Afisa aliyefunzwa ishara chache za Lugha ya Ishara ya Kenya anaweza kuyaepusha maafa.

Basi afisa wa polisi afanye nini? Naona hatua tano, na zote ni za maneno. Kwanza, asalimie. Katika utamaduni wa Waswahili, na wa makabila yetu yote niyajuayo, mtu hamwingilii mwenzake bila kubisha hodi, na kumsimamisha mtu njiani ni kuingia katika faragha yake. Pili, ajitambulishe. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Neno letu la kitambulisho limetokana na kutambulisha, na katika adabu zetu, anayetaka kumjua mwenzake hutangulia kusema yeye ni nani. Tatu, aseme sababu. Nne, atoe ombi lake. Tano, aseme waziwazi mambo yanapokwisha, ili mtu ajue kama amekamatwa au yuko huru kwenda zake.

Wapo watakaosema kwamba afisa hana muda wa kufanya hayo yote. Hebu tusikilize: "Habari ya jioni. Mimi ni Konstebo fulani, wa kituo fulani. Nimekusimamisha kwa kuwa taa yako ya nyuma haiwaki. Naomba leseni yako." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Kinyume chake, "Wewe, toa leseni!" huanzisha mabishano yanayoweza kuchukua nusu saa, na pengine kuishia hospitalini. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Inapobidi kumpekua mtu, sheria ina masharti yake pia. Faragha ya mwili na mali inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, kwa hiyo upekuzi uwe na msingi, kama vile shaka ya kuridhisha kwamba mtu amebeba mali ya wizi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, tena kwa kuzingatia heshima. Kuhusu nguvu, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu itumike pale tu njia hizo zinaposhindwa au zinapokuwa hazina matumaini ya kufaulu. Mwanafunzi wa lugha atakubaliana nami kwamba njia ya kwanza isiyo ya nguvu ni maneno.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza haya kwa gharama. Aprili 1981, polisi wa London waliwasimamisha karibu watu elfu moja katika siku chache mtaani Brixton, wengi wao wakiwa vijana weusi, na mtaa ukalipuka kwa ghasia. Sheria iliyotungwa Uingereza mwaka wa 1984 ilimlazimisha afisa anayetaka kumpekua mtu ataje jina lake, kituo chake na sababu ya upekuzi. Huko Marekani, wanaisimu na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka wa 2017 uchunguzi wa maneno ya polisi wa jiji la Oakland, yaliyonaswa na kamera ambazo maafisa huvaa. Walichambua matukio 981 ya kusimamisha magari, wakagundua kwamba maafisa waliwasemesha madereva weusi kwa heshima ndogo kuliko madereva weupe, hata baada ya kuzingatia kosa lililotajwa na mahali pa tukio. Tofauti ilikuwa katika vitu ambavyo mwalimu wa lugha anavijua vyema, yaani jinsi ya kumwita mtu, kuomba radhi kwa kumkawiza, na kueleza sababu. Naamini uchunguzi kama huo ukifanywa kwetu, ungetuonyesha mengi kuhusu jinsi mwendesha bodaboda anavyosemeshwa, na jinsi mwenye gari kubwa anavyosemeshwa.

Nimemwelekezea afisa maneno mengi kwa sababu yeye ndiye aliye na bunduki. Lakini raia naye ana wajibu, na wajibu huo nao ni wa lugha kwa sehemu kubwa. La kwanza ni kusimama. Kumkimbia afisa hakumpi ruhusa ya kukupiga risasi, lakini hugeuza kosa dogo likawa shaka kubwa. Simama, zima injini, weka mikono panapoonekana, na usiingize mkono mfukoni ghafla. La pili ni kuuliza kwa adabu. Mtu anaweza kuitetea haki yake bila kupaaza sauti: "Afande, naomba kujua sababu ya kunisimamisha." Na baadaye: "Je, nimekamatwa, au naweza kuendelea na safari?" Maswali hayo mawili hayana tusi wala dharau, lakini humlazimu afisa mwema kufikiri, na afisa mbaya kujua kwamba anaongea na mtu anayezijua haki zake.

La tatu ni kuacha matusi. Vijana wetu, wanafunzi wa vyuo wakiwamo, wamezoea kudhani kwamba kumwita afisa majina ya kejeli ni ushujaa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hali kadhalika, kumzuia au kumshambulia afisa kazini ni kosa la jinai, hata kama unaamini amekuonea. Barabara si mahakama, na hakuna kesi iliyowahi kushindwa au kushindwa nayo kwa haki kwa kupigana makonde kando ya lami. Ukikamatwa, taja jina lako kwa ukweli, nyamaza kuhusu tuhuma hadi upate ushauri, na usitie sahihi maelezo usiyoyasoma au usiyoyaelewa. Kumbuka jina au nambari ya afisa, nambari ya gari, mahali na saa. Hakikisha habari zako zimeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, kile ambacho wengi wanakiita OB.

La nne ni kukataa kutoa hongo. Lugha yetu imeuficha uovu huu kwa majina matamu: chai, kitu kidogo, kuongea vizuri. Ni ajabu kwamba "ongea vizuri", maneno ambayo kwa asili yangehimiza adabu, yamekuwa na maana ya kutoa pesa. Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka kumi, au faini ya hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Dereva anayekunja noti ya mia mbili ndani ya leseni anamfunza afisa kwamba kizuizi ni duka. Kisha dereva huyo huyo hulalamika bei inapopanda.

Sitaki kumdanganya mwanafunzi yeyote kwamba adabu humkinga mtu daima. Aprili 2015, mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alisimamishwa na polisi huko Mlolongo, akapigwa risasi mkononi, kisha akafunguliwa mashtaka. Alifanya yote ambayo sheria inamtaka raia ayafanye. Alilalamika kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, na akamtafuta wakili, Willie Kimani. Juni 23, 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, wawili hao walitekwa pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, na wakauawa. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa kortini ni ujumbe wa kuomba msaada ulioandikwa kwenye karatasi ya choo na kutupwa nje ya seli. Julai 2022, Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao mmoja, na Februari 2023 afisa mkuu katika njama hiyo akahukumiwa kifo. Aidha, Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma katika Kaunti ya Embu walifariki baada ya kukamatwa kwa kukiuka kafyu ya korona, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji yao. Hofu ya raia basi ina sababu. Wala haitaondolewa kwa kuwahimiza raia wawe wapole; itaondolewa afisa mhalifu akijua kwamba atashtakiwa kama mhalifu mwingine.

Hofu ya afisa pia ina sababu. Sisi wakazi wa Bonde la Ufa kaskazini hatujasahau Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 walipouawa na wezi wa mifugo katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Jopo la mageuzi ya polisi lililoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga, ambalo lilikabidhi ripoti yake Novemba 2023, lilieleza jinsi mishahara duni na makazi mabovu yanavyowavunja moyo maafisa. Kijana anayesimama barabarani usiku wa baridi ya Eldoret, bila kujua kama gari linalokuja limebeba mboga au bunduki, anastahili huruma yetu. Lakini ni sababu hiyo hiyo inayomfanya ahitaji maneno mazuri zaidi, kwa kuwa salamu na swali lililo wazi humpa nafasi ya kumsoma mtu kabla mambo hayajaharibika.

Raia aliyeonewa asikate tamaa. IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, ina ofisi hapa Eldoret. Malalamiko yenye jina, nambari, tarehe na mahali yana nguvu kuliko kilio cha jumla kwamba "polisi ni wabaya". Katika jambo hili pia, lugha sahihi ni silaha.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Kwa miaka mingi shule zetu za sekondari zimefunza isimujamii ndani ya somo la Kiswahili. Wanafunzi huambiwa wataje sifa za sajili ya mahakama, ya hospitali, ya sokoni. Wengi huzikariri wakapata alama zao, kisha wakatoka nje ya lango la shule wasijue la kumwambia afisa anayewasimamisha. Kwa nini sajili ya kizuizi cha polisi isiwe somo kamili? Mwalimu awape wanafunzi mazungumzo mawili, moja la amri na matusi, jingine la salamu na sababu, wayalinganishe. Awagawe wawili wawili, mmoja awe afisa, mwingine awe raia, kisha wabadilishane nafasi. Mwanafunzi aliyewahi kuigiza afisa ataelewa kwa nini mikono iliyofichwa hutia hofu, na aliyeigiza raia ataelewa jinsi "wewe!" inavyochoma. Mwalimu wa historia ana kipande na sheria ya uzururaji. Mwalimu wa somo la jamii ana Kifungu cha 49, ambacho kila mwanafunzi anayemaliza shule angepaswa kukijua kwa moyo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Samaki mkunje angali mbichi.

Tusisahau kwamba maafisa wa kesho wameketi katika madarasa hayo hayo. Kila mwaka vijana wetu hujipanga viwanjani kusajiliwa kuwa polisi, na wengi wao walikuwa wanafunzi wetu juzi tu. Vyuo vya polisi navyo vipewe walimu wa lugha, wa kufundisha jinsi ya kumsemesha mtu mwenye hofu, mlevi, mtoto, kiziwi, na bibi asiyejua Kiswahili. Ulengaji shabaha hufunzwa kwa saa nyingi, ilhali afisa huenda akastaafu bila kufyatua risasi hata moja kwa dhati. Maneno atayatumia kila siku.

Neno raia lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ilikuwa kundi linalochungwa. Neno afande lina asili ya Kituruki, na lilikuwa jina la heshima kwa bwana. Ikiwa tutaendelea kukutana barabarani kama bwana na kundi lake, Katiba itabaki karatasi. Polisi wa Kenya wana kaulimbiu nzuri ya Kiswahili, Utumishi kwa Wote. Waianze kwa salamu na sababu. Raia nao wasimame, waulize, na waijibu salamu.